Ulimi Wenye Vipele na Maumivu

Ulimi wenye afya si laini. Mgongo wake umejaa vinundu vidogo vinavyoupa ukwaru, na nyuma kabisa, karibu na koo, vipo vingine vikubwa, kwa kawaida kati ya 8 na 12, vilivyojipanga kama herufi V. Watu wengi huviona mara ya kwanza siku koo linapouma, wakajitazama kwenye kioo na kuingiwa na hofu. Hivyo ni vya maumbile wala havihitaji dawa.

Kipele chekundu au cheupe kinachouma ghafla kwenye ncha au pembeni mwa ulimi mara nyingi ni kinundu kilichovimba baada ya kuumizwa: ulimi uling'atwa, chai ilikuwa ya moto mno, nanasi au embe bichi la pilipili lililiwa kwa wingi. Hicho hupoa chenyewe kwa siku chache. Kidonda kidogo chenye ukingo mwekundu huchukua siku 7 hadi 14. Wakati huo nafuu hupatikana nyumbani. Nusu kijiko cha chai cha chumvi hukorogwa katika glasi ya maji ya vuguvugu, mgonjwa akasukutua na kutema mara kadhaa kwa siku. Uji uliopoa na maji baridi hutuliza. Pilipili, ndimu na vyakula vya moto huchochea. Maumivu yakizidi, parasetamoli hutosha, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Aspirini asipewe mtoto. Antibayotiki hazitibu vipele hivi, na kuzimeza ovyo huweza kuleta fangasi.

Fangasi wa kinywani huonekana kama utando mweupe ambao ukifutwa huacha wekundu. Huwapata zaidi watoto wachanga, wenye kisukari, wanaolala na meno bandia, na wenye pumu wanaovuta dawa ya steroidi bila kusukutua baadaye. Zahanati hutoa dawa, kama nistatini ya matone. Mtu mzima anayepata utando huo bila sababu inayojulikana anastahili kupimwa sukari na VVU. Wengi hukwepa kipimo cha pili kwa kuona haya, ilhali VVU vikigunduliwa mapema, dawa humwezesha mtu kuishi miaka mingi kwa afya njema.

Ulimi uliopoteza ukwaru wake, ukawa mwekundu, laini na wenye kuwaka, unaelekeza kwenye damu. Upungufu wa madini ya chuma, foliki asidi au vitamini B12 huleta hali hiyo, hasa kwa wajawazito na wanawake wenye hedhi nzito. Maini na dagaa hurudisha chuma na B12. Maharage, kunde na mchicha huongeza foliki. Chai inywewe mbali na mlo, kwa kuwa huzuia chuma kufyonzwa. Hata hivyo, chakula pekee hakitoshi damu ikishapungua sana, kwa hiyo ipimwe.

Kidonda, uvimbe mgumu au baka jeupe au jekundu lisilofutika, likidumu zaidi ya wiki 3, hata lisipouma, lipelekwe kwa daktari wa kinywa na meno. Jino lenye ncha kali linalokwaruza ulimi husawazishwa. Kidonda kisipopona baada ya hapo, kipande kidogo hukatwa na kupimwa kama kuna saratani, ambayo huwanyemelea zaidi wavuta sigara, watumiaji wa ugoro na tambuu, na wanywaji wa pombe kali. Ulimi ukivimba ghafla na pumzi kubana, mgonjwa akimbizwe hospitali papo hapo.