Meza ya Kanyaruchinya, darasa la mjini

Saa kumi na mbili asubuhi, chukudu, baiskeli zetu za mbao, zikiteremka kutoka Kibumba na mizigo ya kabichi na viazi, mimi nimeshafungua mwavuli kando ya barabara ya Rutshuru, hapa Kanyaruchinya. Nauza uniti, natuma na kutoa pesa za simu. Saa mbili nafunga, napanda pikipiki kwenda mjini Goma, saa tatu niko darasani. Huu ni mwaka wangu wa tatu. Wadogo zangu wanaoanza chuo wananiuliza kila mara, "Yaya, unawezaje?" Basi nawaandikia.

Kwanza, hesabu saa kabla ya kuhesabu pesa. Katika LMD, mfumo wetu wa masomo ya chuo, muhula mmoja ni krediti 30, na krediti moja ni saa 25, zikiwemo saa za kusoma peke yako nyumbani. Jumla ni saa 750. Zigawe kwa wiki 15: saa 50 kila wiki. Nilipofanya hesabu hiyo kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeshaanguka kozi ya takwimu. Niliamini kwamba siku isiyo na kozi ni yangu, kumbe ilikuwa na mwenyewe tangu mwanzo wa muhula. Leo meza yangu inapata saa 17 tu: mbili kila asubuhi kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na saba za Jumamosi.

Kuanguka kule kulitokana na kazi niliyokuwa nayo kabla ya hii, katika duka moja mjini. Ilinilipa vizuri kuliko meza hii, nakiri. Lakini bosi alikuwa akiita wakati wowote mzigo ukifika, na mzigo ulifika siku ya TP (kazi za vitendo), tena siku ya interro (jaribio la darasani). Tangu hapo, nikiambiwa habari ya kazi, nauliza ni nani anayepanga saa zake kabla sijauliza mshahara. Saa za meza yangu zinapangwa na soko. Wenye chukudu wanawahi Goma, mama wanaopanda Kibumba kununua kabichi wanataka kuweka pesa kwenye simu wasitembee nazo, na kufikia saa mbili msongamano wao umeisha. Nikibaki hadi saa nne napata wateja wachache sana, na somo linanipita.

Kuna kazi ya tatu ambayo hakuna anayeiandika kwenye ratiba, hasa kwetu wasichana: maji. Mawe haya ya lava hayashiki mvua, inazama yote, na foleni ya bidon inaweza kumeza jioni nzima. Nilichoka mpaka nikawa nasinzia juu ya silabusi. Siku moja niliketi na mama, nikamwonyesha daftari langu la saa, nikamwomba ruhusa: Jumanne na Alhamisi ninunue maji kwa faida ya meza, siku nyingine nichote kama kawaida. Mama alinyamaza kidogo, akakubali. Jioni hizo mbili ndizo zilizonipitisha takwimu mara ya pili. Dada yangu, zungumza na watu wa nyumbani mapema, kwa heshima na kwa hesabu mkononi. Wengi wanadhani chuo kinaishia mlangoni mwa darasa.

Kuhusu minervali, yaani ada ya chuo, usiichanganye kamwe na mtaji. Mwishoni mwa Januari 2025 vita vilipofika Goma, benki zilifungwa na noti zikaadimika mtaani. Mtaji wangu ulikuwa karibu wote ndani ya simu. Mteja akija kutoa, sina cha kumpa, na minervali yangu ilikuwa humo humo. Sasa pesa ya mkononi na pesa ya simu nazipima kila jioni zisipishane sana, na minervali naiweka kwenye likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu. Tuko kumi. Naomba zamu yangu iangukie mwezi wa kulipa tranchi ya minervali, nikipokea leo kesho nalipa, na risiti naipiga picha kabla sijatoka kwenye ofisi ya chuo.

Halafu kuna maprofesa wageni. Anakuja mmoja, anafundisha kozi nzima kwa wiki moja au mbili, asubuhi hadi jioni, kisha anaondoka. Ukikosa siku mbili umekosa sehemu kubwa ya kozi. Kwa hiyo namfuata CP wetu, kiongozi wa darasa, kwa karibu, maana yeye ndiye anayejua kwanza nani anakuja lini, na mara nyingi tangazo linaingia WhatsApp usiku. Wiki hizo simlaumu mtu wala sijaribu ushujaa: meza inashikwa na mdogo wangu, naye anachukua nusu ya kamisheni. Ni haki yake.

Mitihani ya muhula huu inaanza Jumatatu ijayo. Nimeandika tarehe kwenye kipande cha katoni, nimekitundika chini ya mwavuli ili wateja wajue meza itafunguliwa Jumamosi tu. Jana papa mmoja wa chukudu aliegesha mzigo wake wa viazi, akaisoma tarehe polepole, akaniuliza, "Mtihani mgumu ni siku gani?" Nikamwambia Jumatano.