Kijana Wetu Aliyeko Masomoni Uingereza

Wengi wetu hudhani aliyeko Ulaya hana shida. Kila tukimpigia simu huuliza, "Utamaliza lini?" Lakini masomo ya uzamivu huchukua miaka 3 hadi 4, na sehemu kubwa mtu huifanya peke yake.

Tena, mjini Edinburgh mwezi Desemba jua huchomoza karibu saa 3 asubuhi na kutua kabla ya saa 10 alasiri. Giza hilo huweza kuleta ugonjwa wa huzuni. Dalili zake ni kulala kupita kiasi, uchovu, kutamani sana vyakula vya wanga na kujitenga na watu. Huu si uvivu, wala si kulogwa.

Afanye nini?

1. Atoke nje mchana kila siku, hata kukiwa na mawingu.

2. Ameze vitamini D, mikrogramu 10 kwa siku, kulinda mifupa na misuli. Ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi ili kuitengeneza.

3. Ajiandikishe kwa daktari mapema. Ada ya matibabu hulipwa wakati wa kuomba viza. Huzuni nayo ni ugonjwa wa kumweleza daktari.

Nasi wa nyumbani tumwulize kwanza: "Unalala vizuri? Umekula? Una nani wa kuzungumza naye?" Akisema amechoka kuishi, tusimwambie avumilie tu. Tumhimize atafute msaada wa daktari siku hiyohiyo. Masomo huweza kusimamishwa kwa muda, akapona, kisha akaendelea.