Sindano, kijiti, vidonge na saratani ya matiti

Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya uzazi wa mpango, iwe Mbagala au Bunju, hofu kwamba njia za homoni huleta saratani ya matiti utaisikia. Inastahili kujibiwa kwa hesabu.

Nachoma sindano ya majira kila miezi mitatu. Jirani ananiambia italeta kansa ya matiti. Ni kweli?

Dada yangu, jirani yako hajazua, ila hatari yenyewe ni ndogo kuliko inavyosimuliwa. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia wanawake milioni 1.8 wa miaka 15 hadi 49, kwa wastani wa karibu miaka 11. Waliotumia njia za homoni walipata saratani ya matiti kwa asilimia 20 zaidi ya wasiotumia. Asilimia 20 inashtua mpaka uulize ni ya nini. Katika umri wa kuzaa, saratani hii haiwapati wengi, kwa hiyo nyongeza ilikuwa mgonjwa mmoja kwa kila wanawake 7,690 wanaotumia kwa mwaka. Hiyo ni kama 13 kwa kila 100,000, na hao ni wagonjwa, si marehemu.

Sasa tazama kwetu Tanzania. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Najua ni mambo mawili tofauti. Lakini anayeacha sindano kwa woga bila kushika njia nyingine, kisha akabeba mimba asiyoitaka, ametoka kwenye hatari ndogo akaingia kwenye kubwa. Wanaoeneza hofu bila kusema hivyo wanawaumiza wanawake.

Kijiti kina homoni moja tu. Si salama zaidi kuliko vidonge vyenye homoni mbili?

Kwa matiti, hapana. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha kwamba njia zenye projestojeni peke yake, yaani kijiti, sindano, kitanzi cha homoni na baadhi ya vidonge, huongeza hatari kwa asilimia 20 hadi 30, sawa na vidonge vya homoni mbili. Jambo kubwa ni umri. Walikadiria kwamba kutumia kwa miaka mitano ukiwa na miaka 16 hadi 20 huongeza wagonjwa 8 kwa kila wanawake 100,000 katika miaka 15; ukitumia ukiwa na miaka 35 hadi 39, nyongeza ni 265. Hesabu hizo ni za nchi tajiri, lakini mwelekeo wake una maana hata Temeke: ukikaribia miaka 40, zungumza upya na mtoa huduma wako.

Kuhusu vidonge, uchambuzi wa tafiti 54 uliotolewa mwaka 1996 ulionyesha kwamba miaka kumi baada ya kuacha, tofauti haionekani tena. Vidonge vya homoni mbili pia hupunguza saratani ya ovari na ya ukuta wa mji wa mimba, jambo ambalo majirani hawalisimulii.

Mama yangu alifariki kwa saratani ya matiti. Nimekatazwa?

Pole sana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani haukukatazi kwa sababu ya historia ya familia. Anayekatazwa homoni ni mwenye saratani ya matiti sasa. Yeye ana lupu ya shaba, kondomu, au kufunga kizazi.

Je, P2?

Hivyo ni vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Usivigeuze kuwa njia ya kila mwezi. Njia za kawaida hukinga mimba vizuri zaidi.

Nina kijiti mkononi, na nimepapasa uvimbe kwenye titi. Nikitoe kwanza?

Anza na uvimbe, wiki hii. Wanawake wengi wenye saratani ya matiti nchini hufika Taasisi ya Saratani Ocean Road ugonjwa ukiwa umesambaa, na ucheleweshaji huo unaua zaidi kuliko kijiti. Nenda kituo kilicho karibu upimwe, na uombe rufaa kwenda hospitali ya Mwananyamala au Temeke ikihitajika. Huko uvimbe hupigwa ultrasaundi na kuchukuliwa kipande cha kupimwa maabara. Uvimbe kwenye matiti ya wanawake vijana mara nyingi si saratani, ila kuukandakanda nyumbani hakutakwambia ni upi. Mweleze daktari uliwekewa kijiti lini. Majibu yakithibitisha saratani, kitatolewa na utapewa njia isiyo na homoni.