Kabla ya Kuhamia Lubumbashi: Jinsi ya Kupima Kama Mji Utakupokea

Anayefikiria kuhamia Lubumbashi huuliza kwanza kodi ya nyumba, umeme na karo ya shule. Swali jingine, ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wameshafika, ni kama watakubalika. Mke wangu ni Mkasai: atapata kazi bila jina lake kumponza? Binti yangu huvaa hijabu: shule itampokea? Mwanangu ana ulemavu. Sura yangu huwafanya watu wanidhanie Mnyarwanda. Majirani watanichukuliaje?

Makala haya yanaeleza namna ya kutafuta majibu kabla hujafunga mizigo. Msingi wake ni mmoja: mji haupimwi siku ya raha. Hupimwa kwa yale unayowatendea watu wakati kazi zimeadimika na siasa zimepamba moto.

Anza na historia, usiishie kwenye sifa

Lubumbashi ni mji wa wahamiaji tangu kuzaliwa kwake. Wabelgiji waliuanzisha mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, reli ilipofika kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji maelfu ya vibarua wa kuchimba na kuyeyusha shaba, ikawasaka Rhodesia, Kasai, Lomami, Maniema, hata Rwanda na Burundi. Wakaja pia wafanyabiashara Wagiriki, Waitalia na Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes. Kiswahili kikawa lugha ya kambi na soko, na mpaka leo ndicho kinachowakutanisha Waluba, Wabemba, Wasanga, Walunda na Watetela.

Ukiishia hapo utasema mji huu haujui ubaguzi. Endelea kusoma. Katika uchaguzi wa manispaa wa Desemba 1957, mameya wengi waliochaguliwa katika mitaa ya Waafrika walikuwa watu wa asili ya nje ya Katanga. Kinyongo cha matokeo hayo kilichangia kuzaliwa kwa chama cha CONAKAT mwaka 1958, na Julai 11, 1960 kiongozi wake, Moïse Tshombe, akatangaza kuwa Katanga imejitenga. Mwaka uliofuata makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Waluba, walihama nyumba zao mjini kwa hofu ya kushambuliwa wakajazana katika kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa.

Yakajirudia miaka thelathini baadaye. Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Kitaifa mjini Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu, nafasi iliyokuwa ya Nguz Karl-i-Bond wa Katanga. Gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza na vijana wa chama cha UFERI wakawageuzia kibao Wakasai, waliokuwa wakiitwa “bilulu”, wadudu. Likasi, yapata kilomita 120 kutoka Lubumbashi, familia zilizoishi hapo vizazi viwili au vitatu zililala kituoni wiki kwa wiki zikingoja treni ya kuzipeleka Kasai ambako watoto wao hawakuwahi kufika. Mwaka 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Mamia ya maelfu walifukuzwa, na maelfu wakafa kwa njaa, maradhi na kupigwa. Ndoa za Mkasai na Mkatanga zilivunjika, mmoja akipanda treni na mwingine akibaki.

Angalia kilichokuwa nyuma ya siasa hizo. Gécamines, mwajiri mkuu wa mkoa, ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1994 haikufika tani 50,000. Pale mkate ulipopungua, wanasiasa waliwaonyesha watu jirani wa kumlaumu. Hata hivyo Lubumbashi yenyewe haikufikia hali ya Likasi na Kolwezi. Mkoa ulikuwa mmoja na gavana alikuwa mmoja, lakini miji haikutenda sawasawa. Kwa hiyo chunguza mji unaokwenda, na ndani ya mji chunguza komini na mtaa.

Kipimo cha kwanza: uchaguzi uliopita

Usimwulize mtu, “Je, kuna ubaguzi?” Atakujibu hapana kwa heshima ya mji wake. Uliza matukio. Mwulize mwenye duka Mkasai wa komini ya Katuba au ya Kenya: Desemba 2023, wakati wa uchaguzi, ulifunga duka? Kwa siku ngapi? Nani alikuonya, na nani alikulinda? Mtu akikumbuka kwamba jirani Mkatanga alisimama mlangoni kwake, umejifunza jambo kubwa kuhusu mtaa huo. Akikumbuka kwamba alipeleka watoto kwa ndugu mpaka mambo yatulie, umejifunza jambo jingine.

Usidhani mstari wa mgawanyiko ni mmoja tu. Wenyeji wa Katanga nao wana mivutano ya kaskazini na kusini, na jumuiya zao kubwa, kama Buluba-i-Bukata ya Waluba wa Katanga na Lwanzo lwa Mikuba ya watu wa kusini, zimewahi kutunishiana misuli. Mei 2022 Askofu Mkuu Fulgence Muteba aliwakutanisha Wakatanga mjini Lubumbashi kwa ajili ya upatanisho, na hapo rais wa zamani Joseph Kabila na gavana wa zamani wa Katanga Moïse Katumbi, waliokuwa mahasimu, wakapeana mikono. Mji unaoketi kuzungumza ugomvi wake una afya kuliko mji unaoukana.

Kipimo cha pili: kazi

Ubaguzi huuma zaidi kwenye ajira. Kabla ya kuhama, ongea na watu wawili watatu walioajiriwa katika fani yako. Waulize nafasi hutangazwa wapi na nani hupita bila tangazo. Uliza kama fomu au msaili hutaka kujua kijiji cha baba, na jibu hilo hutumiwa kufanya nini.

Tenganisha mambo mawili hapa. Madai ya wanavijiji wanaoishi kando ya mgodi kwamba nao wanufaike ni ya haki, na Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni zitoe asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii hizo. Kumnyima fundi umeme kazi kwa sababu jina lake ni la Kasai ni ubaguzi. Viongozi wanaochanganya haya mawili kwa makusudi ndio wa kuwaangalia.

Kipimo cha tatu: getini

Hakuna mahali utakapousoma mji kwa haraka kama pale unapotafuta nyumba. Komisioneri, yaani dalali, atakupeleka kwenye parseli (kiwanja chenye nyumba), geti la bati, mwenye nyumba ameketi kivulini. Atauliza unafanya kazi wapi, mko wangapi, unaweza kulipa garanti (fedha ya dhamana) ya miezi mingapi. Kisha litakuja: “Uko mutu wa wapi?” Sikiliza limekuja lini na linafuatwa na nini. Likija baada ya bei, na mazungumzo yakaendelea kuhusu ndugu na safari, huo ni ujirani wa kawaida. Watu wa Lubumbashi wanapenda kujua ukoo wa mtu. Likija kabla ya salamu kwisha, na baada ya jibu lako nyumba ikawa “imeshachukuliwa” au garanti ikapanda, umepata jibu. Usitoe hukumu kwa geti moja. Zunguka Kampemba, Katuba, Ruashi na Kamalondo, ulinganishe.

Fahamu haki yako: sheria ya Desemba 31, 2015 inaweka kikomo cha miezi mitatu kwa garanti ya nyumba ya kuishi. Mwanamke asiye na mume aulize mapema, maana baadhi ya wenye nyumba hutaka kumwona mwanamume wa kumdhamini. Na kwa aliyeolewa, marekebisho ya Kanuni ya Familia ya mwaka 2016 yaliondoa sharti la mke kupata kibali cha mume ili kutenda mambo ya kisheria.

Kipimo cha nne: kilio, likelemba na mpira

Ukipata nafasi ya kukaa mjini kwa muda kabla ya kuhama, nenda kwenye kilio. Barabara imefungwa kwa turubai, viti vimepangwa, wanawake wako nyuma na sufuria za bukari (ugali). Tazama nani amekaa na wafiwa usiku, na nani amepita kutoa mchango akaondoka. Pale ambapo majirani wa makabila mengine wanakesha, wanapika na wanabeba jeneza, kuishi pamoja kumeshika mizizi. Pale ambapo kila kabila linazika wake peke yake, uwe na tahadhari.

Uliza pia kuhusu likelemba, yaani vikundi vya kuchangiana fedha kwa zamu, za akina mama sokoni. Mtu hampi fedha zake mwenzake asiyemwamini, kwa hiyo likelemba yenye majina ya Kasai, Maniema na Katanga pamoja ni ushahidi mzito. Mpira nao unasaidia: ushabiki wa TP Mazembe na Saint-Éloi Lupopo unapita katikati ya makabila na hata ya familia, na siku ya pambano lao utaona watu wakigawanyika kwa rangi za jezi, si kwa asili.

Kipimo cha tano: ibada na shule

Lubumbashi ina Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, Wamethodisti, Wakimbangu, makanisa mengi ya uamsho, misikiti, Waorthodoksi wa Kigiriki, na sinagogi iliyojengwa karibu mwaka 1930, ambayo Rabi Moïse Levy aliihudumia tangu 1937 kwa zaidi ya nusu karne. Huo ni urithi wa kujivunia, lakini majengo hayatoshi. Kama wewe ni Mwislamu na shule nzuri ya karibu ni ya Wakatoliki, mwulize mkuu wa shule ana kwa ana kuhusu hijabu, sala na vipindi vya dini, naye akueleze kwa maandishi.

Kipimo cha sita: wasio na mtetezi

Tazama wanavyotendewa watu wasioweza kujitetea. Je, kuna watoto waliofukuzwa nyumbani kwa kuitwa walozi? Ibara ya 41 ya Katiba inakataza kumtuhumu mtoto kwa uchawi, lakini tuhuma hizo bado zipo, na vituo kama Bakanja vya mapadre Wasalesia hupokea watoto wa mitaani. Sheria ya Mei 3, 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu; uliza shule na waajiri wanaitekelezaje. Kuhusu mapenzi ya jinsia moja, sheria ya Kongo haiyataji kuwa kosa, lakini ibara ya 40 ya Katiba inatambua ndoa ya watu wa jinsia tofauti tu, na jamii kwa jumla haiyakubali. Anayehusika ajue kwamba usalama wake utategemea sana watu wanaomzunguka.

Wenye sura au lugha inayohusishwa na Rwanda waulize zaidi kuliko wengine. Mwaka 1998 Watutsi walikamatwa na kuuawa katika miji kadhaa ya Kongo, Lubumbashi ikiwemo, na kila vita vya mashariki vinapopamba moto maneno ya chuki huchomoza tena. Ongea na familia za namna hiyo zinazoishi mjini sasa, na usiwategemee watu wasioguswa na jambo hilo.

Jua pa kukimbilia

Katiba ya Februari 18, 2006 inampa kila Mkongomani haki sawa mbele ya sheria bila kujali kabila wala dini, na ibara ya 30 inampa haki ya kukaa atakapo. Tangu Juni 7, 1966 kuna sheria inayoadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila. Lakini sheria bila mtu wa kuisimamia ni karatasi. Kabla hujahama, jua jina la shefu wa kartie (mtaa), parokia au msikiti wa karibu, na wakili mmoja. Mgeni kutoka nchi nyingine awe na hati zake za uhamiaji sawasawa, maana hitilafu ya karatasi humpa mwenye nia mbaya kisingizio. Na usichanganye ujambazi na ubaguzi: mwizi wa usiku hamwulizi mtu kabila.

Uamuzi

Baada ya kuuliza, yaweke majibu katika mafungu mawili: ya siku za kawaida na ya siku za mvutano. Fungu la pili ndilo liamue. Lubumbashi ya siku za kawaida ni mji mkarimu, na nasema hivyo kwa moyo wote. Lubumbashi ya siku za mvutano inatofautiana mtaa hadi mtaa, kazi hadi kazi. Kwa hiyo tangulia peke yako, panga chumba, fanya kazi kwa muda, ndipo uite familia.

Ukishaamua, nawe una wajibu. Usijifungie katika jumuiya ya watu wa kwenu, jiunge na likelemba ya mtaa, kesha kwenye kilio cha jirani, na siku mwanasiasa atakapokuja kukwambia nani si wa hapa, mkatalie mbele ya watu. Mwaka 1992 waliokataa walikuwa wachache mno.