Kitenzi "get": tazama kinachofuata

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba "get" maana yake ni "pata". Kwa sentensi kama "I got a job", yaani nimepata kazi, jibu hilo linatosha. Lakini dereva wa basi wa London akikuambia "get off here", anataka ushuke, na "pata" haikusaidii tena.

Utajuaje basi maana iliyokusudiwa? Tazama neno linalofuata.

Likifuata jina la kitu, maana ni kupata, kupokea, kununua au kuleta. "Get me some water" ni niletee maji. "I got these shoes in Kariakoo" ni viatu hivi nilivinunua Kariakoo.

Kikifuata kivumishi, yaani neno linaloeleza hali, kuna jambo linabadilika. Hapa Kiswahili mara nyingi hutumia kitenzi kimoja tu: "get wet" ni kulowa, "get old" ni kuzeeka, "get angry" ni kukasirika, na "it's getting dark" ni giza linaingia.

Pakifuata mahali, ni kufika: "What time did you get to Mombasa?" Ila "home" haipokei "to". Sema "I got home at six", nilifika nyumbani saa kumi na mbili.

Mara nyingine hufuata kitenzi cha kutendwa, kama "get paid", kulipwa. "Get married" hutumika kwa mwanamume anayeoa na kwa mwanamke anayeolewa. Kwa kuwa sisi husema "ameolewa na Juma", wengi huandika "she got married with Juma". Sahihi ni "to Juma". Na kuwa mwangalifu na "get lost". "I got lost" ni nilipotea njia, lakini ukimwambia mtu "Get lost!" umemfukuza kwa ukali.

Vipi kuhusu usafiri? Basi, treni, ndege na meli huchukua "get on" kwa kupanda na "get off" kwa kushuka. Teksi au gari dogo huchukua "get in" na "get out of". Nje ya usafiri, "get up" ni kuamka au kuinuka, na "get along with" ni kuelewana na mtu.

Si kila "pata" yetu ni "get". Nilipata ajali ni "I had an accident". Kosa la "I got an accident" nalisikia mno, hata kwa watu waliosoma sana.

Katika barua ya kuomba kazi, ipunguze "get", kwani ni neno la mazungumzo zaidi. Andika "I received your letter" kwa barua uliyopokea, na "I obtained a certificate" kwa cheti ulichopata.

Gharama ya kujifunza ni ndogo. Kamusi za Cambridge na Oxford za wanaojifunza Kiingereza zinasomwa bure mtandaoni. Utalipia bando tu. Andika "get" kwenye kisanduku cha kutafutia, nazo zitakupa maana moja moja pamoja na mifano, na utasikia neno linavyotamkwa. Usijaribu kuzimaliza maana zote kwa siku moja. Chagua maana tatu, nakili daftarini sentensi nzima badala ya neno peke yake, kisha tunga yako kuhusu jambo lililokutokea siku hiyo.