Pezi Litaota, Anza na Maji

*Mpendwa mshauri,*

*Mwezi wa sita tulihama kikazi kutoka Mbeya kuja Iringa. Mbuna wetu wawili wa buluu, samaki wa Ziwa Nyasa, tuliwasafirisha kwenye ndoo. Siku chache baada ya kufika hapa Gangilonga, mkia wa mmoja ulichanika karibu nusu, na sasa kingo zake zina weupe. Mwenzake anamfukuza tangi zima. Jirani anasema nitie vidonge vya rangi mbili majini. Mume wangu anasema tumpeleke Ruaha Mdogo akajitafutie. Binti yetu wa miaka saba analia kila jioni. Inaniuma, kwa sababu tangi nililiosha vizuri kabisa tulipofika, hata sponji ya kichujio niliifua kwa sabuni. Nimekosea wapi?*

*Mama mwenye wasiwasi, Iringa*

Pole sana, dada yangu, na mpe pole binti. Nianze na lenye matumaini: pezi la samaki huota upya. Shina lake mwilini likiwa zima, ngozi mpya huanza kuonekana ndani ya siku chache, na kwa wiki kadhaa mkia unaweza kurudi karibu na ulivyokuwa. Samaki wako hajafika pabaya.

Kinachonitia hofu kuliko mkia ni ile sponji. Umeitaja kama ushahidi wa usafi wako, na nia yako ilikuwa njema, lakini ndipo tatizo lilipo. Ndani ya sponji iliyokaa muda mrefu huishi bakteria wanaokula amonia, sumu inayotoka kwenye kinyesi na pumzi ya samaki. Ulipoifua kwa sabuni uliwaua karibu wote. Tangu siku hiyo samaki wako wanaishi kwenye maji yanayong'aa machoni huku sumu ikipanda, na sumu hiyo huchoma mapezi na matamvua. Jeraha dogo ambalo lingepona lenyewe hugeuka kuwa kidonda kinachooza.

Kwa hiyo leo hii, kabla ya kingine chochote, toa robo ya maji ya tangi uweke mengine, na ufanye hivyo kila siku kwa wiki kadhaa, mpaka bakteria hao warudi. Maji ya bomba yana klorini, basi yaache kwenye ndoo wazi kwa saa 24, kisha yapashe hadi yalingane na joto la tangi. Sponji isuuze upya mpaka sabuni iishe kabisa, halafu usiifue tena kwa sabuni maishani mwake. Ikijaa uchafu, ikamue ndani ya maji uliyoyatoa tangini. Punguza na chakula, maana mabaki ndiyo yanayozaa amonia.

Jambo la pili ni baridi. Maji ya juu ya Ziwa Nyasa huwa kati ya nyuzi 23 na 28 mwaka mzima. Iringa iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai usiku hushuka chini ya nyuzi 15. Hukusema kama una hita. Kama huna, samaki wa ziwa lenye joto anaganda sebuleni kwako, na mwili uliopoa hauponi upesi. Nunua hita na kipimajoto, upandishe joto taratibu, nyuzi moja au mbili kwa siku, mpaka lifike 26. Chomoa hita kabla ya kuingiza mkono au kupunguza maji. Umeme ukikatika usiku, funika tangi kwa blanketi, ukiacha upenyo wa hewa, na utie humo chupa za plastiki zenye maji ya moto, zimefungwa vizuri.

Mgonjwa mtenge kwenye beseni kubwa lenye joto hilohilo na pampu ya hewa. Humo tia chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa kila lita tano. Ukibadilisha maji, ongeza chumvi ya yale maji mapya tu. Binti mpe kazi ya kuukagua mkia kila asubuhi. Ukingo mwororo unaopitisha mwanga kama kioo ni pezi jipya linaota, na wengi hulidhania ugonjwa wakaanza kutia dawa ovyo. Weupe wa maziwa wenye manyoya, au wekundu unaosogea kuelekea mwilini, huo ndio uozo. Ukikaribia shina licha ya maji safi, muone afisa uvuvi wa manispaa au daktari wa mifugo.

Vidonge vya jirani viache. Huenda ni tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria; hiyo hushikana na chokaa ya maji ikapungua nguvu, na kiasi cha kubahatisha huua bakteria dhaifu, wakabaki sugu. Bakteria wapya wa kichujio, unaowasubiri kwa hamu, nao wanaweza kufa.

Kuhusu yule mbabe: dume la mbuna hulinda jiwe lake, na wakiwa wawili tu, kipigo chote humwangukia mmoja. Siku ya kumrudisha mgonjwa, panga mawe upya ili mbabe asiwe na eneo alilolizoea, na uongeze maficho. Kama umeweka vipande vya vyungu kuwa maficho, sugua kingo zake kwenye jiwe; huenda ndizo zilizoanza kuuchana huo mkia. Hatimaye tafuta majike kadhaa, au mpe mbabe kwa mfugaji mwingine. Na kwa kuwa mbuna kwa asili hukwangua mwani mawemawe, mlishe mchicha uliochemshwa badala ya mkate.

Mume wako anamhurumia samaki, naliona hilo. Lakini Ruaha Mdogo humwaga maji yake Ruaha Mkuu na hatimaye Rufiji, bonde jingine kabisa lenye samaki wake. Mbuna akiachwa pale, kuna uwezekano mkubwa afe kwa baridi. Asipokufa, ubaya ni mkubwa zaidi: anaweza kupeleka ugonjwa, au kuzaliana akawabana wenyeji. Sangara alipandikizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950, na aina nyingi za furu, ndugu wa mbuna hawa, zilitoweka zisirudi tena. Mkishindwa kumfuga, mrudisheni Mbeya kwa aliyewauzia, wala msimwachie mtoni hata mkiwa na haraka.