Waraka kwa Aendaye Firenze

Aendaye Firenze, mji wa Italia ambao mafundi wake wa karne ya 15 walizifasiri hadithi za vitabu vya Waebrania kwa patasi na tanuri, na ajihadhari kwanza na nyayo zake mwenyewe. Maana wako wachuuzi watandazao picha chini katikati ya njia, mahali pale pale umati unapobanana, nami, nikiwa nimeinua shingo kulitazama kuba la kanisa kuu, nilikanyaga ncha ya mojawapo, mara nikazungukwa na watu watatu walionidai thamani yake kana kwamba niliirarua kwa inadi, na hatimaye nikalipa yuro 20 kwa karatasi ya kupiga chapa ambayo hata kufungia maandazi ningeona haya. Ukikanyaga, shika njia yako usijibu neno.

Utaambiwa kwamba safari si safari usipomwona Daudi wa Michelangelo, aliyechongwa baina ya 1501 na 1504, mwenye kimo cha zaidi ya meta 5. Ustadi wake siukatai. Lakini foleni ya Accademia, makumbusho alimowekwa, ni adhabu, na ukishaingia humwoni Daudi, waona simu zilizoinuliwa. Tena yule kijana mchunga kondoo, aliyeliangusha jitu kwa jiwe moja, kapewa kiwiliwili cha jitu lenyewe! Nakala yake imesimama bure katika Piazza della Signoria tangu 1910, hiyo yatosha.

Nenda Bargello, jumba lililopata kuwa gereza, upande ghorofani ukatafute vibao viwili vya shaba. Mwaka 1401 mafundi walishindanishwa kwa ajili ya milango ya nyumba ya ubatizo, na mtihani ulikuwa mmoja: Ibrahimu akimtoa mwanawe dhabihu. (Taurati yamtaja Isaka, sisi wa pwani tuliosoma chuoni tulifundishwa kuwa ni Ismaili, kisu ni kile kile.) Vibao hivyo ni vya washindani wawili: kwa Ghiberti, malaika yungali angani na kisu hakijagusa ngozi, kwa Brunelleschi, baba amekwisha kumkaba mtoto, na malaika ameudaka mkono wake kwa nguvu. Ushindi alipewa Ghiberti, ambaye kibao chake kilisubiwa karibu chote kwa mkupuo mmoja na kikala shaba kidogo; mimi ningempa mwenzake, kwa sababu mtu aliyekwisha kuazimia jambo kama lile hazuiwi kwa ishara.

Milango ya dhahabu ipigwayo picha pale kwenye nyumba ya ubatizo, aliyoitengeneza Ghiberti baadaye, ni nakala. Vibao 10 vya asili, vilivyomshughulisha tangu 1425 hata 1452, vimo katika makumbusho yaliyo nyuma ya kanisa kuu.

Siku ya mwisho vuka mto Arno hadi Santa Maria del Carmine, ukawaone Adamu na Hawa wa mchoraji Masaccio wakifukuzwa bustanini, mume kajifunika uso kwa viganja, mke kaachama kwa kilio. Majani waliyopakwa baadaye ili kuwasitiri yalifutwa katika miaka ya 1980. Weka nafasi mapema, kwani watu huingizwa wachache wachache, na muda wao hupimwa.